Hao Wasemao Mtoto Hana Mawazo

Wako watu wazima wasemao kwamba mtoto hana mawazo. Kwamba akishiba na kulala, dunia yake imetimia. Msomaji, usilikubali neno hilo. Lilikuwa la uongo tangu zamani, na maradhi ya korona yaliufichua uongo wake.

Shule zote za Kenya zilifungwa Machi 2020. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba. Wengine walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo 9 na zaidi mwanafunzi aliambiwa kwamba mwaka wake wa masomo umepotea, akatengwa na rafiki zake, akasikia redioni kila siku hesabu ya wagonjwa na wafu. Baba aliyepoteza kazi alishinda nyumbani na uchungu wake, na uchungu ule ukatafuta mtu wa kumshukia. Wako wasichana walioondoka shuleni wakiwa watoto wakarejea wakiwa mama, na wako ambao hawakurejea.

Kisha malango yakafunguliwa, mabweni yakateketezwa hapa na pale, na baadhi ya wakubwa wakapaza sauti: Kiboko kirudi! Kiboko, ambacho sheria ilikiondoa shuleni mwaka 2001! Sisemi kwamba kuchoma bweni si kosa. Ni kosa kubwa, tena laweza kuua. Nasema kwamba wapiga kelele hao hawakutangulia kuuliza.

Nami sikuuliza. Mvulana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akisinzia kila asubuhi katika somo langu. Nilimwita mvivu mbele ya wenziwe, nikampa nyasi afyeke, naye akafyeka bila ya neno. Baada ya majuma mawili nikapata kujua kwamba nyanya yake aliyemlea alikufa kwa maradhi yale, akazikwa kwa haraka, siku ambazo waombolezaji hawakuruhusiwa kuzidi 15, na yeye hakuwa miongoni mwao. Usiku alikuwa halali. (Chuo cha ualimu kilinifundisha kusahihisha insha, kumwuliza mtoto "Una nini?" hakikunifundisha.)

Basi nadai jambo moja: kila shule iwe na mwalimu wa ushauri mwenye saa zake katika ratiba, si mtu aliyechoshwa na vipindi 28 kisha akaambiwa apokee machozi wakati wa chai. Wala asiwe ndiye ashikaye orodha ya wanaongoja adhabu. Nawe, msomaji, ikiwa hulali usiku, nenda ukamwambie. Akikujibu kwamba mtoto hana mawazo, nenda kwa mwingine.