Kontra imebadilishwa: ukigonjwa, patroni bado anakulipa?

Wakaaji wa Kasongo na Kabambare waliofanya kazi ya mushahara wanajua namna mambo inaendaka. Mutu anaanza na kontra ya kudumu. Kisha mradi unapunguza feza, ao kampuni inapata mwenyewe mupya, na analetewa karatasi ingine: miezi 3, ao siku kwa siku. Anatia sahihi, sababu watoto wanangoja chakula. Siku malaria inamulaza pale Nyangwe, anaambiwa: «Wewe sasa ni wa siku. Haukufanya kazi, haulipwe.»

Mara nyingi neno hilo si la kweli.

Sheria ya kazi ya inchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, iliyorekebishwa mu 2016, inasema ugonjwa unasimamisha kontra tu, hauivunje. Wakati huo patroni anapaswa kulipa sehemu mbili juu ya tatu ya mushahara. Kama ulikuwa unapata franka 300 000 kwa mwezi, ukilala mwezi muzima utapata 200 000. Matunzo ya hospitali, yako na ya jamaa yako, ni juu yake pia. Hawezi kukuachisha kazi kwa ajili ya ugonjwa mbele miezi 6 mfululizo haijapita, na hapo bado atalipa malipo ya kuachishwa. Ikiwa ni ajali ya kazini, hata miezi 6 haimupe ruhusa.

Tuje ku ile ya siku kwa siku, sababu hapo njo watu wanadanganywa sana. Kifungu cha 40 kinahesabu siku. Mutu akiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi 2, na wakamuchukua tena mbele miezi hiyo haijaisha, kazi hiyo mupya inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, hata kama hakuna kitu kilichoandikwa. Njo maana kuna wapatroni wanaorudisha watu nyumbani siku ya 21! Kwa hiyo kila mutu aandike siku zake mu kaye, na majina ya wenzake waliokuwapo.

Na mwenyewe wa kampuni akibadilika? Namoya, kule Kabambare, tumeona muchezo huo: SOMINKI, kisha Banro, iliyosimamisha kazi mu 2019, kisha mikono ingine. Kifungu cha 80 kiko wazi: kontra zilizokuwa zinaendelea siku ya mabadiliko zinabaki na patroni mupya. Haanze kukuhesabu toka sifuri. Na karatasi inayokupa haki chini ya ile ya sheria haina nguvu, hata kama uliitia sahihi.

Walimu na waganga wa serikali wenye matrikile wana sheria yao ingine, hatuiongelee hapa.

Shida kubwa ni njia ya kudai. Kesi haiingie tribinali mbele inspekta wa kazi hajajaribu kupatanisha, na toka Nyangwe mpaka Kindu, mugonjwa hawezi safari hiyo. Anaweza kutuma mujumbe wa sendika, ao barua yenye karatasi ya muganga. Lakini asichelewe: deni la mushahara linakufa kisha mwaka 1 toka siku lilipopaswa kulipwa. Wengi wanangoja kwanza wapone kabisa, na mwaka unapita.