Maji ya Mboga Yaangaliwe Kabla ya Kuvuna

Mwaka 2018 watu 210 waliugua nchini Marekani na 5 wakafariki kwa kula letusi iliyolimwa Yuma, Arizona. Wachunguzi waliwakuta bakteria wale wale waliosababisha ugonjwa, E. koli, kwenye mfereji wa umwagiliaji. Yaelekea mboga ilichafukia shambani.

Hapa Dar es Salaam, bustani za kandokando ya Mto Msimbazi humwagiliwa maji ya mto unaopokea majitaka ya jiji. Bakteria wakitua juu ya jani, jua kali na ukavu huwaua wengi. Wanaojificha chini ya jani, kwenye mikunjo na vitundu vyake hudumu siku kadhaa, hata wiki, na kuosha sokoni hakuwafikii wote. Mchicha tunaupika, na moto huwamaliza. Lakini letusi na giligilani tunazila mbichi, na ubao wa kukatia ni ule ule.

Hatuwalaumu wakulima. Wengi hawana maji mengine, na bustani hizo ndizo zinazosomesha watoto wao. Jiji liwape visima salama. Wakati wakisubiri, maafisa ugani wahimize ushauri ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa tangu 2006: kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna. Maji yaelekezwe shinani, si majanini, na samadi mbichi isitumike. Mboga itanyauka kidogo kwa joto letu. Mnunuzi, usiikatae kwa sababu hiyo.