Jozi 90 Zilizorudishwa Zina Somo kwa Shule Zetu

Tunapofundisha uvumbuzi, aghalabu huwaonyesha wanafunzi kitu kilichokwisha kukamilika. Twasifu ndege na simu, lakini hatutaji yale yaliyovunjika kabla ya vitu hivyo kufaa. Kwa maoni yangu, hiyo ni nusu ya somo. Hebu tutazame kiatu.

Katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, theluji ya majira ya baridi inapoyeyuka huacha msitu ukiwa maji na tope. Zamani, aliyefanya kazi au kuwinda huko alikuwa na hiari mbili, zote mbovu. Buti za ngozi zilikuwa nyepesi na ziliushika mguu vyema, ila zikilowa huwa nzito na baridi. Buti za mpira hazikupitisha maji, lakini zilimlemea mvaaji na kumtia jasho, nalo jasho penye baridi huganza mguu kama maji.

Wahenga walinena kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mnamo 1911 mfanyabiashara Leon Leonwood Bean alirudi kutoka mawindoni miguu imelowa chepechepe, akaamua kutafuta dawa. Alimwomba fundi viatu ashone ngozi juu ya kiatu cha mpira cha wafanyakazi. Mpira ukakaa chini palipo na maji, ngozi ikakaa juu panapohitaji kukunjika na kupitisha hewa.

Wazo hilo halikuzuka hivi hivi. Mpira asilia hukakamaa kwenye baridi na kunata kwenye joto. Ulifaa kwa viatu vya aina hii baada ya Charles Goodyear kugundua namna ya kuupika pamoja na salfa, ugunduzi aliopewa hataza yake mwaka 1844.

Mwaka 1912 Bean aliuza jozi 100 kwa njia ya posta, akiahidi kuwa asiyeridhika angerudishiwa fedha zake. Jozi 90 zikarudi! Mpira ulikuwa dhaifu, mshono ukauchana, ngozi ikaachana na kiatu. Bean alimrudishia kila mteja fedha zake, akakopa nyingine, akatafuta mpira ulio imara zaidi na kuanza upya. Zaidi ya karne moja baadaye, buti hizo zingali zikishonwa Maine.

Sasa najiuliza: lau Bean angalikuwa mwanafunzi wetu, tungalimpa alama ngapi? Jozi 10 kati ya 100 ni asilimia 10. Tungalimwandikia kwa wino mwekundu kuwa ameanguka, naye asingaligusa sindano tena.

Tazama miradi ya shuleni. Mingi hutengenezwa na mzazi, au na fundi wa kulipwa, ili ing'are siku ya kusahihishwa. Mwanafunzi hajifunzi kutengeneza kitu. Hujifunza kuuficha mshono ulioachana. La kusikitisha ni kwamba sisi walimu twajua, na alama twatoa.

Wapo watakaodai kuwa kuithamini kazi iliyoharibika ni kulea uvivu. Sikubaliani nao. Bean hakutuzwa kwa kushindwa. Alikulipia kushindwa huko kutoka mfukoni mwake. Nami sipendekezi alama za bure. Mwanafunzi na aeleze kitu chake kilivunjikia wapi, kwa sababu gani, na amebadilisha nini baada ya hapo. Maelezo hayo ndiyo yatiwe alama, kwani mtu aliyenunua mradi dukani hawezi kuyatoa.

Nanyi wanafunzi, anzieni panapowabana wenyewe: paa la darasa linalovuja, kamba ya mkoba inayokatika kila muhula, dawati linaloyumba. Jaribio la kwanza likiwashinda, msilitupe wala msilifiche. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lileteni darasani jinsi lilivyo, mtuonyeshe palipokatika.