Maji haiingilii pale unapoikuta

Wandugu, mvula imeanza, na katika mitaa ya Lubumbashi kilio ni kile kile: motokari zinaingiza maji. Leo nasema juu ya moja, Volkswagen Coccinelle dekapotabli, ile ya kufunguka juu. Muzee wetu aliinunua na pesa ya kumaliza kazi ya mine. Kule Ujeremani waliacha kuitengeneza mwaka 1980. Vijana wanacheka, eti ni chuma ya kuuza kwa kilo. Kwake yeye ni miaka yote ile alishuka chini ya udongo.

Mwaka jana maji ilijaa chini ya miguu. Tukaenda garaji. Fundi hakuuliza kitu: alipaka silikoni kila fasi, akaziba hata matundu ya chini ya milango, akachukua franga zake. Mvula iliyofuata, maji ikazidi. Mi naona kosa haikuwa yake peke yake. Sisi tulilipa kuziba, hatukulipa kutafuta.

Mlango wa motokari unaingiza maji, ndivyo uko. Maji inapita pembeni ya kioo, inashuka ndani ya mlango, inatokea kwa matundu ya chini. Ukiyaziba, mlango unakuwa ndoo, na chuma inaoza toka ndani. Na silikoni ile yenye kunuka sawa siki inatoa asidi. Inakula chuma pole pole.

Watu wa mine, hii si mambo mapya kwenu. Kipushi kazi ilisimama mwaka 1993, lakini maji haikusimama. Mwaka 2011 pampu zikashindwa, maji ikapanda ndani ya mine. Mutu wa mine haulizi kwanza: nizibe wapi? Anauliza: maji inatoka wapi, na itapita wapi?

Basi tulifanya vile. Tukatoa viti na tapi. Mutoto akaingia ndani na tochi, mi nikabaki inje na tuyo ya maji. Nilianza chini, nikapanda kidogo kidogo: mlango, kioo cha mbele, mwisho kitambaa cha juu. Ukianza juu, maji inashuka kila fasi, hautajua kitu. Kwa mipira ya milango, tulifungia karatasi na kuivuta. Pale inatoka bila nguvu, mpira haushike tena. Tukabadilisha mpira mumoja uliokauka, tukazibua yale matundu. Basi.

Mwingine atasema: ni maji tu, anika tapi kwa jua. Hapana! Motokari isiyo na paa ya chuma, nguvu yake yote iko chini: sakafu, na zile boriti zinazopita chini ya milango. Zikioza, motokari inalegea katikati, milango inakataa kufunga. Na ndani mule tunapandisha watoto.

Kwa hiyo, ndugu, usitoe franga mbele fundi hajakuonyesha kwa kidole pale maji inaingilia. Fundi wa kweli hatakasirika. Na kitambaa kikiwa na maji, usikikunje. Ngoja kikauke, ao kitaoza.

Muzee wetu sasa anasikia mvula usiku, na analala.