Bawabu Mlangoni mwa Jazi

Mgeni aingiapo katika nyumba ya mkulima wa Nyamira hupewa kikombe cha chai. Haulizwi kwanza kama aujua mwinuko wa shamba, wala kwa nini mchumaji huchagua majani mawili na chipukizi. Hunywa, na akipendezwa, huuliza mwenyewe. Huo ndio uungwana wa mtu mwenye kitu chema. Lakini sisi tuipendao jazi tumefanya kinyume. Tumeweka bawabu mlangoni, naye ameshika karatasi ya mtihani. Nasema, ewe msomaji, bawabu huyo na aondolewe.

Simtuhumu mtu mwingine. Bawabu huyo nilikuwa mimi.

Nafundisha katika chuo cha ualimu katika nchi hii ya milima ya Kisii. Nilipoanza kazi niliwaalika wanachuo waje Jumamosi jioni tusikilize jazi. Walikuja kumi na wawili. Kwa muda wa saa nzima niliwahubiria miaka na majina. Kisha nikawapigia Ascension ya John Coltrane, iliyorekodiwa mwaka 1965. Ni kazi ya wapigaji 11, yenye urefu wa dakika zipatazo 40, na mara nyingi wote hulia kwa pamoja kama mto uliovunja kingo zake. Ni kazi kubwa, lakini niliwatosa kilindini watu ambao hawajaonyeshwa ufuko. Mwanachuo mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hawa wanangojana lini?" Nilicheka. Wenzake nao wakacheka, kwa kuwa mwalimu amecheka. Jumamosi ya pili kijana yule hakuja. Na baada ya majuma machache hakuja mtu yeyote.

Nilichukua muda mrefu kutambua kwamba lile lilikuwa swali bora kupita yote niliyopata kuulizwa juu ya jazi. Kijana yule hakuja kwangu na sikio tupu. Alikuwa amekua akisikia obokano, kinubi kikubwa cha Wakisii chenye nyuzi 8 na sauti nzito yenye mvumo, ambacho mpigaji hukipiga huku akiimba. Alikuwa ameimba kanisani, mmoja akianzisha na wengi wakiitikia. Alijua ya kuwa muziki ni mazungumzo, na katika mazungumzo watu hungojana. Hayo ndiyo moyo wa jazi. Wapigaji huanza kwa wimbo wanaoujua wote. Kisha kila mmoja hupewa zamu kubuni maneno yake papo hapo, wenzake wakimchukulia. Na mwisho hurudi nyumbani pamoja. Hata Ascension haieleweki vizuri ila na mtu ajuaye kwanza ni desturi gani inayovunjwa humo. Kijana aliukuta mlango kwa kupapasa, mimi nikamfungia.

Ningalikuwa na busara, ningaliwapigia West End Blues, aliyoirekodi Louis Armstrong huko Chicago mwaka 1928. Haipiti sana dakika tatu. Tarumbeta huanza peke yake, kama mtu apigaye hodi kwa fahari. Na katikati klarineti husema, na Armstrong huijibu kwa sauti yake bila maneno. Asiyejua Kiingereza hapotewi na kitu hapo. Ndipo ningalisema, "Sikilizeni, sasa wanangojana."

Yuko atakayejibu kwamba kuanza na kilicho chepesi ni kuishusha hadhi ya jazi. Mbona hatusemi hivyo juu ya fasihi? Mwanafunzi mpya hapewi Al-Inkishafi siku ya kwanza, wala utenzi ule haukupungua heshima kwa kungoja. Ngazi haikujengwa ili kulidharau ghorofa la juu. Na wanaopenda jazi ibaki ya wachache hawapiganii hadhi ya muziki. Wanapigania hadhi yao wenyewe.

Bawabu ana kosa lake jingine: huwadhihaki walioazima jina. Bendi ya Franco, iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1956, ilijiita O.K. Jazz, kando ya ziwa letu tulikuwa na Shirati Jazz na Victoria Jazz. Bawabu husema, "Hiyo si jazi, ni rumba, ni benga." Kweli. Lakini mtu humpa mwanawe jina la amheshimuye. Badala ya kumcheka ajaye na jina hilo peke yake, muulize, "Wataka kusikia aliyeitwa hivyo kabla yako?"

Upande wa pili wamesimama wasemao kwamba jazi ni ya kigeni na haituhusu. Hawa nao wamekosa. Sidai kwamba jazi ilizaliwa Kisii. Ilizaliwa New Orleans, Marekani, miongoni mwa watu weusi ambao babu zao waliuzwa utumwani. Lakini watu hao walitutafuta kabla hatujawatafuta. Mwaka 1960 Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, na ndani yake Tuntemeke Sanga wa Tanganyika alisikika akisema kwa Kiswahili. Serikali ya wabaguzi wa Afrika Kusini iliipiga marufuku. Mwaka 1971 Herbie Hancock alitoa sahani iitwayo Mwandishi, na wapigaji wake walijitwalia majina ya Kiswahili: Mwandishi, Mchezaji, Mganga, Jabali. Waliivuka bahari lugha hii unayoisoma sasa, wakaivaa kama vazi la heshima. Je, sisi wenye lugha tuseme hatuwajui?

Nawe, msomaji, huenda si mpenzi wa jazi. Labda wapenda mashairi, hesabu, au uchongaji wa mawe ya Tabaka. Shauri langu ni moja. Siku utakapotaka kumgawia mwenzako ulichokipenda, mpe kionjo kabla ya somo. Anza na jambo alilo nalo sikioni tayari. Akiuliza swali ambalo laonekana la kijinga, lisikilize mara mbili, maana huenda limefika karibu na ukweli kuliko hotuba yako. Wala usicheke. Kicheko cha mwalimu hudumu kitambo kidogo hewani, lakini hukaa miaka mingi katika moyo wa mwanafunzi.

Siku hizi Jumamosi jioni naacha mlango wazi, na neno la kwanza naliachia tarumbeta. Miaka na majina hungoja mpaka yaulizwe. Kijana yule sasa naye ni mwalimu mahali fulani. Natumaini kwamba mtoto akimwuliza, yeye hacheki.