Mashauri ya Nyumbani: Ahadi ya Pango la Ndovu



Baba mmoja wa Nyanungu ametuuliza neno lifaalo kujibiwa mbele ya wote. Amewaahidi watoto wake kwamba shule zikifungwa atawapeleka Mlima Elgon, katika nchi ya Kenya, walione pango ambamo ndovu huingia usiku kutafuta chumvi. Mama yao hataki watoto waingie humo, kwa ajili ya popo. Je, yupi asikilizwe?

Kwanza, habari ya ndovu si hadithi. Pango hilo laitwa Kitum, nalo laingia mlimani kadiri ya meta 200. Mvua huiosha chumvi ya udongo, hata majani ya msitu hayawatoshi wanyama. Basi ndovu huingia gizani wakipapasa njia kwa mkonga, huubandua mwamba kwa pembe zao, kisha huusaga kwa magego. Si ajabu mtoto akitamani kuona jambo kama hilo.

Lakini mama naye hana kosa. Mwaka 1980 mtu mmoja aliyekuwa amelizuru pango hilo alishikwa na ugonjwa wa Marburg, akafa Nairobi. Daktari aliyemtibu aliugua pia, ila alipona. Mwaka 1987 mvulana wa miaka 15 aliyeingia humo alikufa kwa ugonjwa uo huo. Virusi vyake vilionekana katika popo walionaswa pangoni mwaka 2007. Wala sisi wa Mara tusidhani jambo hili li mbali, maana huko Kagera, ng'ambo ya ziwa, ugonjwa huo ulitangazwa Machi 2023, na tena Januari 2025. Hauna chanjo wala dawa iliyothibitishwa.

Basi shauri letu ni hili: nendeni, lakini pangoni msiingie. Hifadhi hiyo, iliyowekwa mwaka 1968, ina mengi ya kuwafurahisha: mitarakwa mirefu, mbega warukao matawini, nyati na swala. Tembeeni pamoja na askari wa hifadhi, wala mtoto asitangulie peke yake. Na kama mtu ameingia pangoni, kisha akapata homa kabla ya siku 21 kwisha, aende hospitali upesi, akaseme wazi alikokuwa.

Likizo ya Desemba yafaa kuliko ya Juni, kwa kuwa mvua huwa imepungua. Njia ni Tarime, Sirari, Migori, Kisumu, Kakamega, hata Kitale. Ni ndefu kwa watoto, heri kulala Kisumu. Andaeni mapema hati ya kusafiria ya kila mmoja, na nguo za baridi. Ulizeni viingilio na malazi kabla ya kutoka nyumbani, mjumlishe na nauli ya kwenda na kurudi. Fedha zikipungua, ngojeni mwaka mwingine. Ni afadhali kungoja kuliko kurudi na deni.

Neno la mwisho ni kwako, baba. Usingoje kufika mlangoni pa pango ndipo uwakataze watoto. Waketishe leo, mama yao akiwapo, uwaambie kwamba ahadi imebadilika, na sababu yake. Watasikitika kidogo, lakini watajua kwamba baba yao huwaambia kweli, na kwamba neno la mama lina uzito nyumbani.