Kompyuta Ikivunjika Njiani, Alipe Aliyeiuza

Anayetaka kununua kompyuta mpakato akiwa Mbeya, Songea au Kigoma huanza na jina. Achukue HP au Dell? Lenovo inadumu kuliko Acer? Fundi wa mtaani ataulizwa, mtoto wa shangazi aliyesomea kompyuta ataulizwa, na mjadala unaweza kumaliza wiki. Uamuzi ukipatikana, pesa hutumwa kwa simu kwa muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam. Naye huiweka mashine kwenye boksi lililobaki la sabuni, huizungushia selotepu, huandika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, kisha huikabidhi kwa wakala wa mabasi. Usiku ule kompyuta inalala kwenye buti, chini ya gunia la mchele na ndoo za rangi, na kama inakwenda Mbeya ina zaidi ya kilomita 800 mbele yake. Ikifika kioo kimepasuka, hakuna anayeuliza tena kama Dell ni bora kuliko HP. Swali linakuwa nani atalipa, na kwa sasa jibu karibu siku zote ni yule yule aliyekwisha kulipa. Naona hilo si haki. Muuzaji aendelee kubeba dhamana ya kompyuta mpaka mnunuzi aifungue na kuiwasha, na sheria itamke hivyo bila kumung'unya maneno.

Sisemi kwamba jina halina maana. ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zinazonunua mashine kwa mamia, ndiyo maana watengenezaji wake hutoa bure miongozo ya ufundi inayoonyesha kila skrubu ilipo. Ofisi za Ulaya, Marekani na Ghuba zinapobadilisha mashine zao, nyingi huingia kwetu kama mtumba, na kwa kuwa modeli zinafanana, spea zake hupatikana Kariakoo na hata Luthuli Avenue kule Nairobi. Huo ndio ubora unaoshikika: kibodi ikifa, fundi ana mahali pa kupata nyingine. Ufaransa, tangu mwaka 2021, imewalazimisha wauzaji waonyeshe kwenye kompyuta mpakato alama kati ya 0 na 10 inayoeleza urahisi wa kuitengeneza, na alama hiyo hutolewa kwa modeli, kwa sababu kampuni moja huuza mashine ngumu kutengeneza na mashine rahisi kutengeneza chini ya nembo moja. Isitoshe, jina lenyewe huhama. ThinkPad ilizaliwa IBM mwaka 1992 na ikaenda Lenovo mwaka 2005. Sony iliuza biashara yake ya Vaio mwaka 2014. Toshiba, iliyoleta T1100 mwaka 1985, kompyuta iliyofungua njia kwa mashine za kubebeka, ilikamilisha kujitoa kwenye biashara hiyo mwaka 2020. Anayenunua nembo peke yake ananunua kitu ambacho kesho kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Hata modeli bora kuliko zote haikutengenezwa kusafiri ndani ya boksi la sabuni. Kioo cha skrini ni chembamba, na nyuma yake kuna mfuniko unaopinda ukikandamizwa, kwa hiyo uzito ukilala juu ya mashine iliyofungwa, kioo hupokea shinikizo hilo hata kama nje hakuna mkwaruzo. Mashine za zamani zenye diski ya kuzunguka zina udhaifu mwingine: ndani ya diski mna sehemu ndogo zinazosogea, na pigo kali linaweza kuziharibu na kuiua diski nzima. Betri ya lithiamu ikibonyezwa au kutobolewa inaweza kuvimba, kupata joto na hata kuwaka, ndiyo sababu usafiri wa anga una masharti maalumu kwa betri hizo. Watengenezaji wanayajua yote hayo. Tazama boksi la kiwandani: mashine hushikwa na vipande viwili vya sponji au karatasi ngumu iliyofinyangwa, ikaning'inia katikati bila kugusa ukuta wowote, ili boksi likianguka, pigo limezwe na vipande hivyo kabla ya kuifikia mashine. Kompyuta ya mtumba hutufikia bila boksi hilo. Ulinzi uliobuniwa na wahandisi ulibaki Dubai au Hamburg.

Wapo watakaosema dawa ni kununua mashine ngumu, kwani kampuni nyingi hutangaza kwamba kompyuta zao zimefaulu majaribio ya MIL-STD-810 ya jeshi la Marekani. Kiwango hicho ni cha kweli, lakini ni mkusanyiko wa mbinu za kupima tu. Jeshi halizikagui kompyuta hizo wala haliwapi wauzaji cheti. Kampuni huchagua majaribio inayoyataka, ikayafanya yenyewe au ikailipa maabara. Zaidi ya hapo, hupimwa mashine mpya. Hakuna jaribio linalomwahidi mwalimu wa Tunduru kwamba kompyuta iliyotumika miaka mitano ofisini Uholanzi, bawaba zikiwa zimelegea, itavumilia kubwagwa stendi saa tisa usiku.

Twende kwenye sheria, maana ndiko tatizo lilikojificha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote zimechotwa kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Msingi wake ni kwamba muuzaji anapopaswa kumtumia mnunuzi bidhaa, kuikabidhi kwa msafirishaji huhesabiwa kama kumkabidhi mnunuzi mwenyewe. Mwaka 1893 kanuni hiyo iliwahusu zaidi wafanyabiashara wanaotumiana marobota kwa meli na treni, kila upande ukiwa na karani na bima. Leo inamwangukia mwanafunzi aliyeona picha ya kompyuta Instagram. Waingereza wenyewe walishaiacha kwa walaji: Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inasema bidhaa hubaki katika hatari ya mfanyabiashara mpaka ifike mikononi mwa mlaji, isipokuwa pale mlaji alipojichagulia msafirishaji ambaye muuzaji hakumpendekeza. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni kama hiyo. Sisi tuliorithi sheria yao tumebaki na kipande ambacho wao walikiona hakifai.

Angalia basi kinachotokea mzigo ukiharibika. Muuzaji anasema aliituma ikiwa nzima. Wakala wa basi anaonyesha risiti yenye maandishi madogo kwamba mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenyewe na kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu. Kwa upande wa serikali, huduma za vifurushi hupewa leseni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mabasi yanasimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na mlalamikaji anajikuta akitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine na kioo chake kilichopasuka. Kati ya wote hao, mnunuzi ndiye pekee asiyekuwa na uwezo wowote juu ya safari. Hakuchagua boksi, hakuona sponji ikiwekwa au kuachwa, hakumwambia wakala kilichomo, hakuamua kama mzigo utakaa butini au mbele kwa konda. Yote hayo yalikuwa mikononi mwa muuzaji. Hatari ikikaa kwa anayeweza kuizuia, atatafuta boksi zuri siku hiyo hiyo. Ikikaa kwa asiyeweza, sponji itabaki kuhesabiwa kama gharama ya bure.

Pingamizi lenye uzito ni la muuzaji mdogo. Faida yake kwa kompyuta moja ni ndogo, na kioo kimoja kinaweza kula faida ya mashine kadhaa. Ni kweli, na sipendi kuona kijana wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akifunga meza yake. Lakini hasara hiyo ipo hata leo. Tofauti ni kwamba inambomokea mtu mmoja, ambaye mara nyingi ameweka akiba kwa miezi mingi na hana mashine nyingine. Muuzaji anayetuma kompyuta kila wiki anaweza kuigawanya kwenye bei zake zote, anaweza kukubaliana na basi moja analoliamini, na ana nguvu ya kulidai basi hilo fidia kwa sababu ni mteja wake wa kila siku. Bei itapanda kidogo. Naikubali bei hiyo waziwazi kuliko bahati nasibu tuliyonayo. Hofu ya pili, kwamba wanunuzi waongo wataangusha mashine nyumbani na kudai ilifika hivyo, ina tiba rahisi: muuzaji apige video ya mashine ikiwaka, namba yake ya utambulisho ikionekana, mpaka boksi linapofungwa, mnunuzi naye alifungue mbele ya wakala.

Hapo pia kuna desturi inayopaswa kukoma mara moja. Mawakala wengi hudai saini kabla mzigo haujafunguliwa, ilhali hata sheria ile ile kongwe inampa mnunuzi ambaye hakuiona bidhaa nafasi ya kutosha ya kuikagua kabla ya kuhesabiwa ameikubali. Wakenya wana silaha ya ziada, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010, inayompa mlaji haki ya kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro ya bidhaa au huduma. Tanzania ina Tume ya Ushindani, iliyopewa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya biashara ya kupotosha na ya kuonea. Wakati Bunge linasubiriwa kurekebisha Sura ya 214, Tume inaweza kukaa na TCRA na LATRA kuhusu yale maandishi madogo ya kwenye risiti, na kuyatangazia makampuni ya mabasi ni maneno gani hayana nguvu dhidi ya mtu aliyelipia mzigo wake ufike salama.